Sindano za glukosi kwa kiungo kilicholegea

Watu wengi wakisikia sindano ya kiungo hufikiria steroidi: uvimbe unazimwa, maumivu yanatulia kwa wiki kadhaa, kisha mara nyingi yanarudi. Proloterapia inakwenda kinyume chake. Daktari anachoma glukosi kali pale ligamenti, yaani utepe mgumu unaounganisha mfupa na mfupa, inaposhikana na mfupa, makusudi auchokoze mwili, kwa matarajio kwamba utaanza ukarabati na kutengeneza nyuzi mpya za kolajeni, protini inayoipa ligamenti uimara. Aliyeipa jina hilo ni daktari mpasuaji wa Marekani, George Hackett, katika miaka ya 1950. Hoja yake ilikuwa kwamba maumivu mengi sugu ya mgongo na viungo yanatokana na ligamenti zilizolegea.

Dawa yenyewe haina siri. Glukosi ya 50%, ileile ya vichupa vya hospitali, inazimuliwa. Kupata bomba la mililita 10 lenye nguvu ya 15%, huchukuliwa mililita 3 za glukosi hiyo, 2 za lignokeini ya 1% (dawa ya ganzi), na 5 za maji ya chumvi ya sindano. Hiyo ni ya nje ya kiungo, kwenye ligamenti na tendoni (kano zinazounganisha msuli na mfupa). Ndani ya goti mara nyingi huwekwa 25%, yaani nusu glukosi, nusu maji ya chumvi. Wenye kisukari huogopa bure kiasi cha sukari, kwani bomba zima la 15% lina gramu 1.5 tu. Cha kuogopa kwao ni maambukizi, hasa kama sukari haijadhibitiwa.

Kazi kubwa ni kujua pa kuchoma. Chukua kifundo cha mguu kinachoteguka kila mara. Mgonjwa anakaa, mguu ukining'inia na wayo umelegezwa. Mkono mmoja wa daktari unashikilia muundi juu kidogo ya kifundo, mwingine unavuta kisigino kuelekea mbele. Kikisogea kuliko cha mguu wa pili usio na tatizo, ligamenti ya mbele upande wa nje imelegea. Kisha kidole kinabonyeza taratibu kuzunguka ncha ya nundu ya nje ya kifundo, na panapomshtua mgonjwa panawekwa alama ya kalamu. Ngozi inasafishwa kwa klorheksidini yenye spiriti na kuachwa ikauke yenyewe. Sindano nyembamba, geji 25 au 27, inaingia mpaka iguse mfupa; bila kuugusa, daktari asiyetumia ultrasaundi hana hakika yuko wapi. Anavuta pistoni kidogo kuangalia kama damu inaingia, ndipo anasukuma nusu mililita hadi moja, anairudisha ncha nyuma na kuihamishia pembeni kidogo.

Ligamenti ina ncha mbili. Kosa tunaloliona sana ni kuchoma pale panapouma na kulisahau shikio la pili, ambalo kwa ligamenti hii liko kwenye talasi, mfupa wa kifundo ulio chini ya muundi. Kwenye goti upande wa nje kuna hatari nyingine: neva inayoinua wayo inapita nyuma tu ya kichwa cha fibula (mfupa mwembamba wa upande wa nje, chini ya goti), na sindano iliyopotea hapo inaweza kumwacha mtu akiburuta mguu.

Siku 2 au 3 za mwanzo kiungo huuma kuliko kabla, na hilo linategemewa. Parasetamoli inaruhusiwa. Ibuprofeni na diklofenaki ziachwe siku chache kabla na angalau wiki moja baada, kwa sababu zinazima uchokozi uleule uliolipiwa. (Aspirini ya moyo ni habari nyingine, usiiache bila daktari wako kusema.) Kuanzia siku ya 4 hivi, tembea kawaida na uanze kusimama kwa mguu mmoja, kwanza ukishika ukuta. Kukifunga kiungo plasta kwa wiki nyingi ni kosa: nyuzi mpya zinahitaji kuvutwa kwa kiasi ili zijipange. Sindano hurudiwa kila baada ya wiki 4 hadi 6, kwa kawaida mara 3 hadi 5. Baada ya ya tatu, kama hakuna kilichobadilika, tusingeendelea. Utambuzi uangaliwe upya, maana ligamenti iliyokatika kabisa haiungwi kwa glukosi.

Ushahidi umechanganyika. Utafiti wa Marekani wa 2013, wenye watu 90 wa goti lililosagika, uliona glukosi ikishinda maji ya chumvi na mazoezi ya nyumbani mwaka mzima baadaye. Kwa maumivu sugu ya kiuno, sindano peke yake, bila mazoezi, hazijaonyesha faida. Plazma (majimaji ya damu) yenye chembe sahani nyingi, zile zinazosaidia damu kuganda, inayotengenezwa kwa damu ya mgonjwa iliyozungushwa kwenye mashine, inauzwa kwa bei kubwa zaidi kana kwamba ni daraja la juu. Lakini utafiti wa Australia wa 2021 uliohusisha watu 288 wa goti haukuiona ikiyazidi maji ya chumvi.

Usichomwe ukiwa na homa, kidonda au jipu karibu na kiungo. Ukitumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema. Na kama baada ya sindano kiungo kimevimba, kina joto, maumivu yanazidi badala ya kupungua na homa inapanda, nenda hospitali siku hiyohiyo: usaha ndani ya kiungo unaweza kuharibu gegedu ndani ya siku chache.