Goti lilipolegea, mguu ukatulia

Kama unajifunza kupanda farasi huku kwetu Tanga, amri mbili utazisikia mpaka zikuchoshe: “Shusha kisigino!” na “Bana magoti!” Zote nilizitii kwa moyo wote, na zote zilinichelewesha. Farasi akitembea polepole, mguu wangu ulitulia vizuri tu. Akianza troti, ule mwendo wa kati usio wa kutembea wala wa shoti, mguu kuanzia gotini kwenda chini ulikuwa unaenda mbele na kurudi nyuma kila ninapoinuka kwenye tandiko kufuata mwendo wake. Sasa umetulia, na nina furaha nayo kweli. Lakini kila nikimsikia mtu anamfokea mwanafunzi mpya “bana magoti”, damu inanichemka.

Tunapanda kwenye shamba moja upande wa barabara ya Pangani, na njia zetu nyingi zinapita katikati ya mikonge. Anayeujua mkonge anajua lile jani lina mwiba mgumu nchani. Kwenye njia nyembamba, mguu unaotangatanga unachomwa, kwa hiyo kwangu jambo hili halikuwa la urembo.

Kwenye troti, miguu ya farasi inatua miwili miwili kwa mshazari: wa mbele kulia na wa nyuma kushoto, halafu kinyume chake. Kila jozi ikitua, mgongo wake unakurusha. Ule mrusho lazima upokelewe na nyonga, goti na kifundo cha mguu. Ukikaza kimoja, vingine vinabeba mzigo usio wao.

Sasa sikilizeni habari ya noti. Kaka mmoja aliyekuwa akitusimamia jumamosi alitoa noti ya elfu kumi mfukoni, akaichomeka kati ya goti langu na tandiko. “Dada, isipodondoka ni yako,” akasema. Tukaanza kuzunguka kiwanja. Nilibana mpaka paja likatetemeka, pumzi zikanikatika, farasi naye akawa analaza masikio nyuma kwa kukereka. Noti haikutoka. Niliposhuka niliichomoa imelowa jasho, yule tembo wake amekunjana, wenzangu wananipigia makofi. Mzee anayewatunza farasi wetu, Msambaa wa Lushoto, hakupiga. Alikuwa amesimama kwa nyuma muda wote akiangalia miguu yangu.

“Mwanangu,” akaniambia, “noti umeishika vizuri. Huku chini je?”

“Mzee wangu, nifanyeje na mimi nimeambiwa nibane?”

“Goti umelifanya bawaba. Mlango utaachaje kucheza?”

Hilo jibu moja lilinifaa kuliko mafunzo yote niliyoyalipia, na nililipia kama elfu arobaini hivi kila mara. Goti likibanwa linakuwa mhimili. Uzito unaishia hapo, haufiki kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, na mguu wa chini unabaki unaning’inia. Dawa ni kulilegeza goti liguse tandiko bila kulisukuma, uzito ushuke, na upande wa ndani wa shavu la mguu ndio ukae karibu na ubavu wa farasi.

Kusema ni rahisi. Mwili ulikubali kwa hila ya kamba. Kamba za mkonge tunazo tele, basi mzee alimfunga farasi kamba shingoni, imelegea kiasi, akaizungushia kipande cha kanga kuukuu isimchubue. Kazi yangu ilikuwa kushika kamba kwa mkono mmoja, kuinua makalio kidogo juu ya tandiko, magoti yamekunjika, na kubaki nimesimama hivyo wakati farasi anaenda troti. Kamba ni muhimu, kwa sababu bila hiyo utajishikiza kwenye hatamu, na hatamu ni kinywa cha mnyama.

Uzuri wa zoezi hili ni kwamba halidanganyi. Mguu wa chini ukitangulia mbele, wewe unaanguka puu kwenye tandiko. Ukibaki nyuma, kifua kinamlalia farasi shingoni. Ukiwa chini yako sawasawa, unasimama. Hakuna haja ya mtu kukupigia kelele. Mwanzoni nilikuwa nasimama hatua chache tu, baadaye upande mzima wa kiwanja, halafu nikaachia kamba.

Hapo tukaingia kwenye “juu, juu, chini”: mapigo mawili umesimama, moja umekaa. Ni mapigo matatu kwenye mwendo wa mapigo mawili, kwa hiyo kila ukikaa unakutana na jozi nyingine ya miguu. Ukiwa na mguu mmoja unaopenda kuutegemea, utagundulika hapo. Wangu ulikuwa wa kushoto, na sababu ilikuwa mkanda wa kikuku: kwa kuwa tunapandia kushoto, mkanda wa upande huo hurefuka. Tukaibadilisha mikanda, wa kushoto ukaenda kulia. Kagueni yenu kabla hamjailaumu miguu.

Kisigino nacho hakisukumwi. Ukikisukuma kwa nguvu, kifundo kinakakamaa na mguu wote unakwenda mbele. Unakiacha kizame. Nyumbani nilikuwa nasimama kwenye ukingo wa ngazi ya baraza kwa sehemu pana ya wayo, ile inayokaa kwenye kikuku, nikiacha visigino vishuke taratibu mpaka misuli ya nyuma ivutike. Buti zangu ni za mtumba za Ngamiani, soli laini na kisigino kifupi. Soli laini hainasi, na kisigino kinazuia mguu usipenye kikukuni.

Kuna watakaokwambia uvue vikuku upande hivyo hivyo mwezi mzima. Mimi nasema dakika chache, na ukianza kubana, rudisha. La sivyo utajifunza kubana kwa ufasaha zaidi, na mgongo wa farasi ndio utaumia.

Siku ambazo maji yamekupwa asubuhi na mapema, tunashuka pwani kabla jua halijakolea. Karibu na maji mchanga ni mgumu na sawa, troti yake inapendeza. Ule mkavu wa juu ni mzito, unachosha kano za farasi, huko tunatembea tu. Pwani ndiko nilikojifunza kuinuka kidogo: nyonga zinakwenda mbele, farasi mwenyewe anakuinua kwa mrusho wake.

Farasi akiwa mvivu, usimpige mateke kila hatua, kwa maana mguu unaopiga kila hatua hauwezi kutulia. Mbane mara moja kwa shavu la mguu, akikaidi mguse kwa fimbo nyuma ya mguu wako, akishaitika mwache aende.