Mkopo wa miezi 12, mti wa miaka 18

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Mafinga kumsalimia baba mdogo, nimerudi Mbeya na kitu kimenikaa kooni mpaka leo, ndo maana nimekaa chini niandike.

Tulienda shambani kwake kwa boda, ni ekari tatu, na miaka yote niliyokuwa naenda kule likizo lilikuwa pori la misindano unaingia unasikia upepo tu juu. Sasa hivi ni visiki. Niliinama nikaweka mkono juu ya kisiki kimoja, nikatanua vidole, kiganja kikakaribia kukifunika chote. Nikahesabu zile duara za ndani. Nane.

Mtu wa mbao hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Msindano wa miaka nane bado mtoto. Ukiuvumilia ufike 15, na mwenye subira ya kweli 18, unatoa mbao pana, nzito, zilizonyooka, mnunuzi anakuja mwenyewe na bei unapanga. Wa miaka nane unatoa mirunda na vijimbao vinavyopinda vikikauka. Baba mdogo anajua hilo kuliko mimi, amepanda miti tangu sijazaliwa. Sasa kwa nini alikata?

Mama mdogo alihitaji opresheni. Hela haikuwepo, akaenda kukopa milioni tatu kwenye kampuni moja ya mikopo pale mjini, miezi 12, rejesho kila mwezi, dhamana shamba. Miezi ya kwanza alilipa kwa hela ya viazi. Mwezi wa tano viazi vimeisha, mahindi bado yako shambani, hakuna kinachoingia, faini ikaanza kupanda juu ya deni. Mwezi wa saba wakaja nyumbani watu wawili na afisa mikopo, wakakaa sebuleni mpaka saa mbili usiku, mama mdogo akiwa bado na kidonda. Kesho yake baba mdogo akaita mlanguzi. Wakauziana miti ikiwa imesimama, ikaja mashine ya kupasulia mbao, ile ya ding-dong, na Fuso mbili, siku nne shamba jeupe. Deni likaisha na akabaki na laki nne mkononi.

"Mwanangu, nimekula mbegu," akanambia. Hakusema kingine mpaka tunafika nyumbani.

Sasa mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu hapa Uyole mwaka wa sita, na mambo ya mikopo nayasoma kwa sababu nashika hela za watu, kwa hiyo niliporudi nilichukua kalamu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwapanga watoa mikopo kwenye madaraja manne, na wale wa daraja la pili, wasiopokea amana, Benki Kuu imewawekea kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Mtu akisikia 3.5 anaona ndogo. Chukua milioni moja, miezi 12, riba ipigwe flati, yaani kila mwezi wanapiga kwenye milioni ileile hata kama nusu umesharudisha. Riba inakuwa 420,000 na rejesho ni kama 118,300 kila mwezi. Lakini ile milioni hukukaa nayo mwaka mzima, umekaa nayo mwezi mmoja tu halafu ukaanza kuirudisha, wastani umekaa na nusu yake. Ukipiga hesabu ya kweli gharama ya huo mkopo inakaribia asilimia 70 kwa mwaka. Na hapo bado hujaongeza fomu, bima ya mkopo na faini. Niambieni zao gani huku kwetu, parachichi la Rungwe, chai ya Mufindi, kahawa ya Mbozi, linaweza kubeba asilimia 70?

Na riba sio hata tatizo kubwa, naomba mnielewe hapa. Tatizo kubwa ni kalenda. Huku mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba inaisha Aprili au Mei. Mahindi unavuna Juni Julai. Parachichi ukipanda leo unasubiri miaka mitatu hivi kuona tunda la kuuza. Mti ndo huo nimesema. Halafu mkopo unaanza kudai siku ya 30. Mkulima anayelipa kila mwezi analipa na nini? Analipa na mkopo mwingine, au anauza mahindi yakiwa mabichi, au anakata mti wa miaka nane. Kila rejesho linalolipwa hivyo kwenye vitabu vya kampuni linaonekana mkopo mzuri, unalipika, mteja safi. Mteja huyo hana tena kitu cha kukopea mwaka kesho wala mwaka wa keshokutwa, ila hilo kwenye vitabu halina mstari wake.

Hapo ndo nakuja kwenye neno uendelevu, maana siku hizi kila taasisi ya fedha inalo. Ripoti za uendelevu zinatoka, tangu Juni 2023 kuna hata viwango vya kimataifa vya kuziandika, S1 na S2, na Benki Kuu yetu ilitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba mabenki yapime hatari za mabadiliko ya tabianchi kwenye mikopo yao. Mimi nalifurahia jambo hili kwa moyo wote. Madawati shuleni ni mazuri, vitanda vya zahanati ni vizuri, miche inayopandwa na wafanyakazi wa benki wakiwa na fulana ni mizuri. Lakini mimi nikipewa ripoti moja tu ya kusoma ningetaka ile inayonambia wateja waliokopa miaka mitano iliyopita leo wana mali zaidi au pungufu. Benki hela yake inatoka kwa hawa watu, wakichakaa wao faida ya miaka kumi ijayo itatoka wapi?

Watu wa nyanda za juu kusini tulishaona benki zikifa, sio hadithi. Mei 2017 Benki Kuu ilifuta leseni ya benki ya jamii ya Mbinga kule Ruvuma, halafu Januari 2018 zikafutwa tano kwa mkupuo, mojawapo benki ya jamii ya Njombe, sababu mtaji umepungua chini ya kiwango, na kwa benki za jamii kiwango kilikuwa bilioni mbili. Bima ya amana wakati ule ilikuwa inafidia mpaka milioni 1.5, mwenye zaidi ya hapo akasubiri ufilisi. Siku hizi imepandishwa mpaka milioni 7.5, ni hatua kubwa. Wakati huohuo pale Mafinga kuna MUCOBA iliyoanza kazi mwaka 2000 kama benki ya jamii ya Mufindi, na yenyewe ikaendelea. Miaka ile ya 2017 mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kwa wakati, kwa nchi nzima ilivuka asilimia 10 wakati Benki Kuu inataka isizidi 5, sasa imeshuka chini ya hapo. Kwa hiyo benki nazo zilijifunza kwa maumivu, na ukimuuliza meneja yeyote kwa nini haamini mkulima atakutajia ile miaka.

Ila nataka tuelewe kwa nini mkopo unakuwa mfupi, maana watu wanadhani ni roho mbaya tu. Benki inakopesha hela ya amana. Amana ni ya mimi na wewe, tunaweza kwenda kuitoa kesho asubuhi. Hela inayoweza kuondoka kesho huwezi kumpa mtu wa misindano akae nayo miaka 10, siku wateja wakija kwa wingi utawapa nini, visiki? Kwa hiyo ukitaka mkopo mrefu lazima benki yenyewe ipate hela ndefu. Na hapo kuna jambo zuri limetokea nchini ambalo watu wa mikoani hatulizungumzii vya kutosha. Mwaka 2022 NMB walitoa hatifungani ya Jasiri, yaani hati ambayo ukiinunua unaikopesha benki kwa miaka kadhaa na yenyewe inakulipa riba, kwa ajili ya kukopesha biashara za wanawake, wakatafuta bilioni 25, zikaja bilioni 74. Mwaka 2023 CRDB wakatoa hatifungani ya Kijani, ya miaka mitano, riba asilimia 10.25, walitafuta bilioni 40 zikaja 171.8. Yaani Watanzania na mifuko yao walileta zaidi ya mara nne ya walichoombwa. Hiyo ni hela ambayo mwenye nayo amekubali kusubiri miaka mitano. Na kabla ya hapo, mwaka 2021, Benki Kuu ilitenga trilioni moja ya kuzikopesha benki kwa asilimia 3 ili nazo zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi 10.

Kwa hiyo hela ndefu ipo, na riba ya 10 ipo. Kutoka hapo mpaka kwa baba mdogo ndo kuna shimo. Yeye alikuwa hajawahi kusikia hata moja ya hayo, alichosikia ni spika ya gari la matangazo inayopita sokoni kwamba mkopo dakika 20, lete kitambulisho na hati ya kimila, ile ya kumiliki ardhi ya kijiji. Mwenye mkopo wa dakika 20 amemfuata mpaka mlangoni na mwenye mkopo wa asilimia 10 yuko kwenye jengo la vioo anasubiri aletewe mchanganuo wa biashara.

Nina rafiki alikuwa afisa mikopo hapa Mwanjelwa, sasa hivi anauza vifaa vya ujenzi, akanieleza kitu kilichonifungua macho. Tageti yake ilikuwa ya kutoa. Kila mwezi awe ametoa milioni kadhaa, akifikisha anapata komisheni, asipofikisha anaitwa ofisini. Tarehe 28 mtu akiingia mlangoni unampa, hata moyo ukikuambia huyu hawezi. Kwenye marejesho kuna timu nyingine. Hakuna hata mtu mmoja pale ndani aliyekuwa analipwa kwa sababu mteja bado amesimama baada ya miaka mitatu. Nikamuuliza ungebadilisha nini kama ungekuwa bosi, hakufikiria hata sekunde, akasema ningegawa ile komisheni, nusu nikupe ukitoa mkopo, nusu ikae mpaka mteja amalize na akope tena bila kuuza kitu cha nyumbani.

Na sisi wenye vikoba tusijione malaika. Kikoba chetu tulikuwa tunavunja kila Desemba, tunagawana kila kitu, kila mtu anaondoka na bahasha yake ya sikukuu, Januari tunaanza na sifuri. Maana yake hakuna mkopo unaoweza kuvuka mwaka. Mwanachama wetu mmoja, mama wa viazi, alikuwa kila mwaka anakopa Oktoba kununua mbegu na mbolea na kila mwaka tunamsumbua alipe kabla ya Desemba wakati viazi viko chini ya udongo. Sisi wenyewe, majirani zake, tulikuwa tunamfanyia kilekile. Miaka mitatu iliyopita tulibishana karibu kikao kizima, wengine walinuna kabisa, mwisho tukakubaliana tugawane faida tu na hisa zibaki, na wanaolima walipe kwa mkupuo wakivuna, kila mwezi walete riba tu ambayo ni ndogo. Mwaka wa kwanza sikulala, kwa kweli, laki nane iko ardhini na mimi ndo nimesaini. Machi akaja kikaoni na kanga imefungwa fundo, akalifungua mezani, zikawepo zote. Amekopa mara tatu tangu hapo, mara ya mwisho milioni moja na nusu, na ameongeza robo ekari. Kikoba kimepata kwake riba ndogo mara tatu badala ya kubwa mara moja, na hisa zake mwenyewe zimeongezeka karibu mara mbili, nalijua kwa sababu daftari liko kwangu.

Sisi ni wanawake 27 na sanduku la kufuli tatu, sisemi benki ifanye kama sisi. Ila kama sanduku limeweza kusubiri viazi, benki yenye wataalamu na bilioni 171 za watu waliokubali kusubiri inaweza kusubiri parachichi.

Baba mdogo ameotesha miche upya, nimeiona, imepangwa nyuma ya jiko kwenye vifuko vyeusi na mama mdogo ndo anaimwagilia, anatembea vizuri sasa. Wanasubiri mvua za Novemba. Nimemwomba kabla ya hapo twende wote benki moja pale mjini, mimi nitaomba ruhusa kazini Jumatatu nipande basi la alfajiri. Maswali nimeyaandika ndani ya jalada la daftari la kikoba: mna mkopo wa kilimo wa asilimia 10 au chini ya hapo, riba inapigwa flati au kwenye salio linalopungua, na je, rejesho linaweza kuanza Julai badala ya siku ya 30. Nikampigia jana kumsomea. "Kamwene," akaitikia, akasikiliza yote, akasema hilo la tatu nimuachie aulize yeye mwenyewe.