Siku Moja Kwenye Maabara ya Patholojia, Tabora

Saa 2 asubuhi. Vichupa vyenye vinyama vya wagonjwa vya kupimwa, vilivyoshuka na mabasi ya Nzega, Urambo na Sikonge vinalinganishwa na fomu zake, jina kwa jina, namba kwa namba. Kisha inatazamwa dawa ya kuhifadhi. Kinyama cha shingo ya kizazi, kidogo kama punje ya mchele, kinatakiwa kizame kwenye formalini ya asilimia 10, walau mara kumi ya ujazo wake, kwa saa 6 hadi 48. Kimoja leo kimeletwa kwenye maji ya chumvi. Seli zimeanza kuoza njiani, hazisomeki. Mama huyo itabidi aitwe tena, na nauli ni yake. Hili linauma.

Saa 3 hadi saa 6 ni kukata na kupaka rangi vinyama vilivyokwisha kugandishwa kwenye nta: vipande vya mikroni 3 au 4 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), maji ya uvuguvugu ya kuvitandaza, kisha rangi mbili, hematoksilini na eosini.

Saa 7, darubini. Wengi hudhani mashine ndiyo hutoa jibu, kumbe ni macho ya mtu. Seli zinazofunika shingo ya kizazi zinagawanywa mafungu matatu kwa kimo. Zilizovurugika, zenye viini vikubwa vyeusi vilivyosongamana, zikiishia fungu la chini ni CIN 1, daraja la kwanza la mabadiliko ya seli yanayoweza kugeuka saratani. Zikifika la kati, CIN 2. Zikipanda hadi la juu, CIN 3. Zikitoboa utando wa msingi na kushuka, hapo ni saratani yenyewe. CIN 1 mara nyingi hupona bila tiba. CIN 3 haiachwi.

Sasa njoo uone slaidi, kioo chenye kipande cha kinyama, iliyokula mchana wote. Weusi juu mpaka chini. Mwenye haraka angeandika CIN 3, na mama wa watu angekatwa bure. Lakini juu ni wapi? Kinyama kililazwa kwenye nta badala ya kusimamishwa kwa ubavu, kisu kikapita mshazari, na kinachoonekana ni safu ya chini peke yake, ambayo hata kwa mtu mzima wa afya ni nyeusi na imebanana. Nta iyeyushwe, kinyama kisimamishwe, kikatwe upya, kipakwe upya. Macho yanawasha, shingo imekaza.

Muuguzi anapiga simu: "Daktari, mama yuko hapa tangu asubuhi."

"Dada, mwombe avumilie kidogo."

Kiza kimeingia slaidi mpya inapokauka. Safari hii juu panaonekana: seli bapa, baadhi zina uwazi mweupe kuzunguka kiini, alama ya HPV, kirusi kinacholeta mabadiliko haya. Vurugu imeishia fungu la chini.

CIN 1.