Jua linapozama saa kumi: majira ya baridi Kilkenny

Bili ya umeme ya Novemba na Desemba ilifika wiki ya kwanza ya Januari, nayo ilikuwa euro 418. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, koti likiwa bado mwilini, nikaibadilisha kwa shilingi, nikaacha kuhesabu ilipokaribia elfu sitini, kwa sababu ninajua mama yangu kule Mombasa hulipa kiasi gani cha kodi ya nyumba. Kwetu umeme hununuliwa kwa tokeni, na tokeni zikiisha giza lenyewe hukufunza adabu. Hapa Ayalandi hita huwaka miezi miwili bila kukuuliza neno, kisha ndipo karatasi ije.

Sababu ya bili hiyo ilikuwa wazi. Ninafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na tangu mwanzo wa Novemba nilikuwa nimejifungia ndani kila siku ya mapumziko. Katikati ya Desemba jua la Kilkenny huchomoza mnamo saa mbili na dakika arobaini asubuhi, na huzama saa kumi na dakika kumi. Sisi tunaosali tunalijua jambo hili kwa namna ya pekee: adhuhuri haijapoa, alasiri imeingia saa nane, na magharibi inakukuta ungali umeshika kikombe cha chai ya mchana. Mtu wa zamu ya usiku anaweza kumaliza wiki nzima bila kuliona jua, na mimi nilizimaliza kadhaa.

Jirani yangu ni mjane wa miaka sabini na mitano, ambaye hadi siku ile tulikuwa tukisalimiana kwa mbali tu. Alinikuta nje nikitupa taka, akaniangalia usoni, akaniuliza ni lini nilitoka mara ya mwisho kwa jambo lisilokuwa kazi wala duka. Sikuwa na jibu. Akasema atanipitia Jumapili saa tano, mvua inyeshe isinyeshe. Yeye hutaka nimwite kwa jina lake tupu, kama wafanyavyo watu wote hapa, lakini ulimi wangu umekataa. Mtu aliyemzidi umri mama yangu mzazi siwezi kumwita kama ninavyomwita niliyesoma naye. Tumekubaliana kwamba nitamwita Mama, naye alilipokea neno hilo kwa furaha nisiyoitarajia, maana watoto wake wote wawili wako Australia.

Jumapili ya kwanza tulikwenda kwa miguu hadi kwenye ngome iliyo juu ya mto Nore, tukaizunguka bustani yake, ambayo haina kiingilio. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Watoto wachanga walikuwa wakisukumwa katika vigari vilivyofunikwa plastiki, wazee wakitembeza mbwa, wala hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akikimbilia kivuli cha jengo. Ukoo wa Butler uliinunua ngome hiyo mwaka 1391 na kukaa humo hadi 1935, na mwaka 1967 ikakabidhiwa kwa watu wa mji kwa pauni 50. Mama aliitamka bei hiyo kama mtu anayetaja bei ya kilo ya unga, lakini mimi nilisimama pale kwenye nyasi nikiwafikiria maskwota wa pwani yetu, waliozaliwa na kuzikiana juu ya ardhi ambayo mwenye hati yake hawajapata kumwona. Ni vigumu kueleza uchungu ulionishika. Tulipopita mbele ya nyumba ya mfanyabiashara John Rothe, iliyoanza kujengwa mwaka 1594, mwaka mmoja tu baada ya Wareno kuanza kuijenga Fort Jesus, ngome ya Mombasa, kwa mara ya kwanza niliuona mji huu kuwa wa rika moja na mji wangu.

Baridi iliponizidi nilipendekeza tuingie katika jumba la maduka lililo karibu na kituo cha reli, ambako sisi wageni hupenda kukaa kwa kuwa joto lake ni la bure. Mama aliniongoza kwanza hadi kwenye kuta kuukuu za mawe zilizobakizwa pale. Hapo palikuwa na nyumba ambamo maskini walipewa chakula na malazi kwa sharti la kufanya kazi, na katika Njaa Kuu, viazi vilipooza mashambani kuanzia mwaka 1845, watu walifurika humo na kufa. Mwaka 2006, jumba la maduka likijengwa, yalifukuliwa mabaki ya watu zaidi ya 900 waliozikwa katika mashimo ya pamoja, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto. Nchi nzima ilipoteza watu wapatao milioni moja, na wengine kama hao wakapanda meli. Mama akaniambia kwamba hata karne iliyofuata meli hazikukoma: ndugu wanne wa baba yake walikwenda Boston, na hakuna aliyerudi. Ndipo nilipoelewa kwa nini aliniangalia vile pale kwenye pipa la taka.

Nawasihi ninyi mnaoandaa safari: msiingie nchi hii Oktoba mkiwa na viatu vya raba na ahadi ya kutuma pesa kila mwezi. Tengeni fedha za buti zisizopitisha maji na koti zito lenye kofia; mwavuli hauwezi kushindana na upepo wa huku. Koti langu nimelinunua kwa euro 15 katika duka la hisani, na nguo za pale ni ndugu wa ile mitumba tunayoichambua katika soko la Kongowea, Mombasa, kwa hiyo asijione mtu amedhalilika kuingia humo. Hita iwekeni kwa saa maalumu, asubuhi na jioni. Na siku ya mapumziko tokeni nje kabla ya saa sita, hata kama mwili unakataa, kwa kuwa mwanga ukipita hauna wa kuurudisha.

Jumapili ya pili alinichukua kwa gari hadi Kells, kilomita kama 15 kusini mwa mji, penye magofu ya nyumba ya watawa wa Kiagostino iliyoanzishwa mwaka 1193. Aliyewahi kutembea Gede, magofu ya mji wa kale wa pwani yetu, ataelewa nilivyojisikia: kuta ndefu zisizo na paa, malango yanayoingia uwanda mtupu, na ukimya. Ila Gede kuna joto na mizizi inayokumbatia kuta, na hapa nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, zikivunjika chini ya buti kama chumvi ya mawe, na kondoo wakilisha kati ya minara. Hapakuwa na mlinzi wala mkata tiketi. Jua lilikuwa chini sana, la rangi ya asali, na kivuli cha mnara mmoja kilifika karibu na mto.

Alasiri iliniingilia pale. Nilitandika leso chini ya ukuta, nikasali, na Mama akasimama kando akiwazuia kondoo wasinikaribie, bila kuuliza lolote. Nilipomaliza tulikunywa chai ya tangawizi niliyoibeba kwenye chupa, tukala mahamri. Nilimpa pesa ya petroli, akaifunga ngumi yangu na kuirudisha mfukoni mwangu.

Tarehe 1 Februari ni siku ya Mtakatifu Brigid, ambayo Waairishi huihesabu kuwa mwanzo wa majira mapya, na siku hiyo jua litazama saa kumi na moja na kidogo. Mama ameshaniuliza tutakwenda wapi. Nimemwomba anirudishe Kells, naye ameniagiza nipike mahamri mengi zaidi.