Kiazi, bitiruti na mzabibu: jinsi maji yanavyovuka utando wa seli

Menya kiazi mviringo kimoja kikubwa, ukate vijiti viwili vya urefu wa sentimita 5 na unene wa sentimita 1. Ganda lisibaki hata chembe, kwa sababu linazuia maji. Futa kila kijiti kwa tishu, pima, andika uzito. Kimoja kiweke kwenye maji matupu, cha pili kwenye mililita 100 za maji zilizokorogewa chumvi kijiko kimoja cha chai, bapa. Ngoja saa mbili, kisha uvitoe, ufute na upime tena.

Kilichokuwa kwenye maji matupu kitatoka kigumu, ukikikunja kinakatika "ka!". Cha kwenye chumvi kitalegea na kupindika kama mpira. Utando wa seli, yaani ngozi nyembamba inayoizunguka, unapitisha maji kirahisi na kuzuia sehemu kubwa ya chumvi, basi maji ndiyo yanayohama, kutoka penye mmumunyo mwepesi (wenye chumvi au sukari kidogo) kwenda penye mzito. Hiyo ndiyo osmosisi. Seli ya kijiti cha maji matupu ilijaa mpaka ikasukuma ukuta wake mgumu wa nje, na ukuta ndio ulioizuia isipasuke. Chembe nyekundu ya damu haina ukuta, ndiyo maana ukiitia kwenye maji matupu inapasuka, na ndiyo maana dripu ya chumvi hutengenezwa kwa asilimia 0.9.

Majibu mengi huharibikia kwenye mizani. Kijiti kikipimwa bila kufutwa, unapima na maji ya juu yake. Usilinganishe gramu tupu pia, kwa kuwa vijiti havilingani: gawa badiliko kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100. Tuseme kilikuwa gramu 5.4, sasa ni 4.8, kimepoteza kama asilimia 11.

Utando unafanya kazi hii ukiwa mzima tu. Nunua bitiruti pale soko la Majengo, Dodoma, kata kipande, kisuuze mpaka kiache kutoa rangi, kiweke kwenye maji baridi. Maji yatabaki karibu meupe. Kingine kitie kwenye maji yanayochemka: rangi inamwagika papo hapo, kwa kuwa joto limeuvuruga utando na hauchagui tena.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi, huko huko Dodoma, analijua jambo hili kwa hasara. Mbolea ya chumvichumvi ikirundikwa shinani kwenye udongo mkavu, maji kidogo yaliyopo yanakuwa mazito kuliko ya ndani ya mizizi. Mzizi unashindwa kunywa, na ukizidiwa unanyang'anywa hata ya kwake. Majani yanakauka kingo, mtu anadhani ni ugonjwa, anakimbilia dawa. Tawanya mbolea mbali na shina, udongo ukiwa na unyevu. Ikishazidi, mwagilia maji mengi yaishushe chini ya mizizi, na maji hayo yasiwe ya kisima cha chumvi, maana utakuwa unaongeza tatizo lile lile.

Chumvi nayo huvuka, ila hupitia milango yake ya protini. Kuna pampu inayotoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 kwa kila molekuli moja ya ATP, yaani kibeba nishati cha seli. Mwanasayansi wa Denmark, Jens Skou, aliitambua mwaka 1957. Kwenye utumbo, mlango mmojawapo huchukua sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji yanafuata nyuma. Mara nyingi mlango huo unaendelea kufanya kazi hata mtu akiwa anaharisha, na ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kukoroga kwenye maji, inautegemea huo huo. Kwa hiyo pakiti ya lita moja ikorogwe kwenye lita moja kamili ya maji safi. Ukiipunguzia maji, au ukiongeza sukari ili mtoto aipende, mmumunyo unakuwa mzito kuliko damu, maji yanavutwa kurudi utumboni na kuharisha kunazidi. Mmumunyo uliobaki baada ya saa 24 umwagwe, koroga mwingine.