Kuhesabu hatua kwa simu: ninavyoifunga na ninavyopiga hesabu

Simu ukiiacha ikicheza ndani ya mfuko wa suruali pana, utakachopima ni mfuko. Hapa Kigoma nimepima watembeaji kwenye lami ya Mwanga na kwenye mchanga wa Kibirizi, na karibu kila kipimo kilichoharibika kiliharibikia kwenye kufunga simu, kabla hata ya kufungua Excel.

Programu ninayotumia ni phyphox, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Ni ya bure, na ukishaipakua inapima bila bando. Ukiona kipimo kimefifia kwenye orodha yake, simu yako haina kihisi hicho. Simu nyingi za bei ya chini zina akselerometa (kihisi cha mchapuko, yaani mabadiliko ya mwendo) lakini hazina jairoskopu (kihisi cha mzunguko), kwa hiyo kama unanunua simu kwa kazi hii, ifungue orodha hiyo dukani hapo hapo.

Anzia mezani. Laza simu chali, kioo juu, usome mhimili wa z wa akselerometa (ule unaopita kioo kutoka nyuma kwenda mbele; namba ni mita kwa sekunde ya mraba), kisha igeuze kifudifudi usome tena. Tuseme ya kwanza imetoa 9.95 na ya pili -9.65. Jumlisha, gawa kwa 2: 0.15 ndilo kosa la kihisi, la kutoa kwenye kila namba ya z. Kwa kuhesabu hatua tu kosa dogo hivyo halina madhara, ila likizidi 0.5 mimi hubadilisha simu.

Ninaifunga kiunoni kwa nyuma, katikati, usawa wa mkanda, kwa bandeji ya kuvutika yenye upana wa sentimita 10, mizunguko miwili. Kitenge hakifai; kinateleza na baada ya dakika moja kimelegea. Vua kava kwanza, maana kava lililolegea linagongagonga na kuchora miiba mirefu kwenye grafu ambayo si hatua za mtu. Halafu kuna kitufe cha pembeni: bandeji ikikibana, kioo kinazima na phyphox inasimama kurekodi. Utatembeza mtu bure. Kigeuze kielekee juu, bandeji ipite chini yake.

Kwenye menyu ya vidoti vitatu kuna sehemu ya kupanga muda. Ninaweka kuchelewa kwa sekunde 15, ili nipate muda wa kufunga, na kurekodi kwa sekunde 60. Mtu asimame wima bila kutikisika sekunde 5 za mwanzo za kurekodi ndipo atembee. Kipande hicho kilichotulia ndicho kinachokuonyesha mstari wa 9.8, yaani mvutano wa dunia peke yake, uko wapi.

Chagua kipimo cha mchapuko chenye mvutano wa dunia ndani yake, kisha hamisha faili la Excel. Safu A ni muda, B hadi D ni mihimili mitatu, E ni ukubwa wa mchapuko wote kwa pamoja. Programu nyingine isipokupa E, andika =SQRT(B2^2+C2^2+D2^2). Gawa idadi ya mistari kwa sekunde: mistari 6,000 kwa sekunde 60 ni 100 kwa sekunde, na fomula zangu zinafuata kasi hiyo. Simu ikirekodi 200, ongeza mara mbili idadi ya mistari ambayo AVERAGE na SUM zinachukua.

Kulainisha, kwenye F40: =AVERAGE(E35:E45). Kuhesabu, kwenye G40: =IF(AND(F39<=10.8,F40>10.8,SUM(G10:G39)=0),1,0). Vuta zote mbili hadi chini, jumlisha G. Ile SUM inazuia hatua moja kuhesabiwa mara mbili ndani ya sekunde 0.3.

Hiyo 10.8, kizingiti ambacho F ikikivuka kwenda juu inahesabiwa hatua, si amri. Mchanga unameza kishindo cha mguu, vilele vinashuka, na hatua nyingi zinapita chini ya kizingiti. Tazama grafu ya F, weka kizingiti nusu ya njia kati ya 9.8 na kilele cha kawaida. Kisha hakiki: mtu atembee hatua 100 huku msaidizi akihesabu kwa sauti, na muda wa kurekodi uongezwe hadi sekunde 90.

Kwa mzee anayeburuta miguu, kiuno hakisaidii hata ukishusha kizingiti. Hapo ninahamia jairoskopu: simu juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa nje, kioo kikitazama nje. Mhimili wa z unaonyesha mguu ukipepea mbele na nyuma, wimbi moja kubwa kila mguu huo unaporushwa, na hata simu ikipinda kidogo ubavuni mwa mguu, z inabaki vile vile. Hesabu mawimbi, zidisha kwa 2. Akianza na kumalizia kwa mguu usio na simu, ongeza hatua moja.