Kengele ya gesi iwe sharti la nyumba

Wiki iliyopita mama mkwe wangu alikuwa akipika jikoni kwetu, Tabata, huku gesi ikivuja polepole kwenye mpira wa mtungi, naye hakusikia harufu yoyote kwa kuwa pua yake imedhoofika kwa uzee. Kilichotuokoa ni kengele ndogo ya gesi ambayo mume wangu aliifunga ukutani karibu na sakafu, kwa sababu gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, tofauti na gesi asilia ya mabomba ambayo hupanda juu. Gesi ya mitungi ikifikia takriban asilimia 2 tu ya hewa ya chumba, cheche ya swichi yatosha kuiwasha. Tulizima jiko, tukafunga mtungi na kufungua madirisha, taa hatukuzigusa.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, nami nauunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, mitungi inapoongezeka katika nyumba za kupanga, ambako majiko mengine hayana hata dirisha, usalama wa wapangaji hauwezi kuachiwa hiari ya mwenye nyumba. Naomba kengele hizi ziwe sharti la kibali cha ujenzi, tukianza na majengo ya ghorofa, hosteli na migahawa.